Paka wa Bure Ana Bei Yake

Katika makambi na makartie yetu ya Lubumbashi, Likasi, Kipushi na Kolwezi, nyumba chache tu hazijui taabu ya panya. Mfuko wa unga ukiingia mwisho wa mwezi, panya nao wanajua ya kuwa baba amelipwa. Wanatoboa mfuko, wanakata nguo mu sanduku, wanakula daftari za watoto wa masomo. Basi mama anapita kwa jirani ambaye paka yake imezaa, anaomba kamoja. Anarudi nako mu kitunga, na watoto wote wa lupango wanashangilia.

Jambo hilo ni jema. Lakini nyuma yake tunasikia neno hili: "Paka haina mambo mingi. Balitupatia yee bure, itajitafutia yenyewe." Tuzungumze juu ya neno hilo. Paka mtoto anapatikana bure, lakini kumtunza kunaomba feza kidogo na akili. Asipotunzwa, wa kwanza kulipa ni watoto wa nyumba, maana ndio wanaolala naye, wanaomshika mkia, na wanaocheza mu mchanga ule anaochafua.

Mbele ya kumchukua

Uliza jirani: amezaliwa lini? Macho ya paka mtoto yanafunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Wakati ule yeye ni wa mama yake tu. Usimtoe kwa mama mbele ya majuma 8. Anayetolewa mapema anaharisha, anakonda, na mara nyingi anakufa ndani ya siku chache, kisha watoto wanalia na watu wazima wanatafuta ni nani aliyemroga. Hakuna aliyemroga. Alikosa ziwa.

Wengi wanampa maziwa ya ng'ombe ama ya unga wa kopo. Paka aliyeachishwa ziwa hahitaji maziwa hayo, na tumbo la wengi halipatani nayo. Mpe maji safi. Juu ya chakula, tujue ya kuwa paka ni mla nyama. Bukari peke yake haimtoshi. Kuna kitu mu nyama na samaki ambacho mwili wake hauwezi kutengeneza wa kutosha, na akikikosa muda mrefu macho yanaharibika na moyo unalegea. Si lazima kununua nyama ya pekee. Vichwa vya samaki, matumbo ya kuku yaliyopikwa, kapenta ama ndakala iliyolowekwa ili chumvi itoke, hayo yanachanganywa na bukari kidogo. Wala usimfungie chakula ukisema njaa itamfundisha kukamata panya. Paka aliyekula vizuri anawinda kwa nguvu, na paka mwenye njaa anaingia mu jikoni ya jirani.

Mambo manne ya munganga wa wanyama

1. Minyoo. Karibu paka wote wadogo wako na minyoo. Wengine wanaipata mu maziwa ya mama. Mayai ya minyoo yanatoka mu mavi, yanakaa mu udongo, na mtoto anayeweka mikono mu kinywa anayameza. Dawa inarudiwa kila juma la pili mpaka miezi miwili hivi, kisha kila mwezi mpaka miezi 6, na nyuma yake mara kwa mara mu mwaka. Dawa inapimwa kwa uzito wa mnyama. Kwa sababu hiyo usikate kidonge cha watu kwa kukisia. Paka wa miezi miwili hafiki kilo moja, ama anafika tu.

2. Chanjo ya kichaa cha mbwa. Jina linasema mbwa, lakini paka naye anashikwa, na anaambukiza kwa kuuma. Sindano ya kwanza inapigwa akifika miezi 3, inarudiwa nyuma ya mwaka mmoja, kisha kufuatana na aina ya chanjo.

3. Chanjo ya magonjwa ya paka. Hii inazuia tifisi ya paka, ambayo inaletea wadogo kutapika na kuharisha mpaka kufa, pamoja na mafua yao makali. Inaanza kwa majuma 6 ama 8, na inarudiwa kila majuma 3 ama 4 mpaka afike majuma 16. Magonjwa hayo hayashiki watu.

4. Kufunga uzazi. Paka jike anaweza kubeba mimba akiwa bado na miezi 5 ama 6, na mimba yake ni miezi miwili tu na siku kidogo. Tuhesabu: akizaa mara mbili kwa mwaka, watoto wanne kila mara, ni paka 8. Nani atawalisha? Nani atawachanja? Ni hao tunaowaona wakitupwa mu jalala. Dume aliyefungwa naye anapunguza kuzunguka usiku, kupigana na kuumwa na wengine.

Feza itatoka wapi?

Hapa baba wa nyumba anasimama. Hospitali ya kampuni inaangalia mufanyakazi, bibi yake na watoto. Paka haandikwi mu kitabu kile. Na mchimbaji wa kujitegemea, anayepata leo na kukosa kesho, hana hata hospitali hiyo. Sitaandika bei hapa, kwa vile inaachana mji kwa mji, na franka inabadilika kufuatana na dola. Lakini ninyi wenyewe mnaweza kufanya hesabu kwa njia hii.

Msihesabu kwa ujumla, hesabuni kwa siku za mshahara. Mwezi wa kwanza: dawa ya minyoo tu, na kuonyesha paka kwa munganga. Mwezi wa pili: chanjo ya kichaa, kama amefika miezi 3. Mwezi wa tatu na wa nne: wekeni kidogo kidogo mu kopo kwa ajili ya kufunga uzazi, maana hilo ndilo lenye bei kubwa kuliko yote. Feza ikipatikana zaidi, ongezeni chanjo ya magonjwa ya paka. Kama haitoshi kwa yote manne, minyoo na kichaa zitangulie, kwa sababu hizo zinagusa watu.

Mbele ya kupanda taxi ama pikipiki, tumeni mtu aulize: kumwona munganga ni bei gani? Sindano iko ndani ya bei hiyo ama inalipwa pekee? Kurudi mara ya pili kunalipwa tena? Kuuliza si haya. Mwenye haya ni yule anayefika, anasikia bei, kisha anarudi nyumbani na paka bila sindano, na feza ya safari imekwisha.

Sasa kuna siri moja ambayo wengi hawaijui. Chanjo ya kichaa inakuja mu chupa za dozi moja, na vilevile mu chupa za dozi 10. Chupa kubwa ikifunguliwa, haiwekwi mpaka juma lijalo. Kwa hiyo munganga anayefungua chupa ya dozi 10 kwa paka mmoja anapata hasara, na hasara hiyo anaiweka juu yenu. Lakini nyumba kumi za njia moja zikipatana, mbwa na paka pamoja, zinaweza kumwita munganga Siku ya Posho asubuhi, na kugawana bei ya chupa na ya safari yake. Mama mmoja mwenye daftari, anayeandika majina na kukusanya franka, anatosha kuanzisha jambo hilo.

Tena ulizeni juu ya frigo. Chanjo inakaa mu baridi, kati ya digrii 2 na 8. Huku kwetu umeme unakatika mara nyingi, na chanjo iliyopata joto ni kama maji ya bure mu sindano. Munganga mzuri hatakasirika ukimwuliza namna anavyoichunga. Atawapa pia kitabu kidogo chenye tarehe, na mtakichunga pamoja na karatasi za watoto. Kama hamjui munganga wa wanyama, ulizeni ofisi ya serikali ya ufugaji mu mji wenu. Lubumbashi, Chuo Kikuu (UNILU) kina kitivo kinachofundisha waganga wa wanyama.

Dawa za nyumbani zinazoua

Parasetamol ni dawa njema kwa mtu, lakini kwa paka ni sumu. Kidonge kimoja kinaweza kumwua paka mkubwa. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permetrini inamletea paka kutetemeka na kufa. Petroli na mafuta ya taa yanachoma ngozi yake, na akijilamba anayameza. Kwa paka mtoto mwenye viroboto, maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na kitana chenye meno madogo vinasaidia. Mkaushe upesi ili baridi isimwue. Tena, ukiamua kufuga paka, acha sumu ya panya. Paka akila panya aliyekufa kwa sumu, anaweza kumfuata.

Mama mwenye mimba asiguse mavi ya paka, maana kuna ugonjwa unaoweza kuharibu mtoto tumboni. Mwingine ayatoe kila siku, kwa sababu yakikaa siku moja mpaka tano ndipo ugonjwa ule unapata nguvu ya kuambukiza.

Kichaa si ulozi

Hapa ndugu zangu, tusikilizane vizuri. Kwetu huku watu wengi wanaogopa paka, zaidi mweusi. Macho yake yanawaka usiku, wanasema ni ya mulozi. Macho yale yana ngozi ya nyuma inayorudisha mwangaza kama kioo, ndiyo maana anaona mu giza. Analia usiku kama mtoto, wanasema anaita roho. Ni jike anayetafuta dume.

Hofu hiyo inaleta hatari kubwa siku paka ama mbwa anapouma mtoto. Kichaa kinaweza kukaa mu mwili miezi miwili ama mitatu bila kuonekana, wakati mwingine mpaka mwaka. Kisha mtoto anaanza kuchanganyikiwa, anashindwa kumeza, anaogopa hata kikombe cha maji. Jamaa wanasema amerogwa, wanamzungusha kwa waombaji na kwa waganga wa mizizi. Saa hiyo imepita. Ugonjwa ukisha kuonekana, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) linasema ya kuwa kati ya watu 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kichaa, 40 ni watoto wa chini ya miaka 15.

Lakini mbele ya ugonjwa kuonekana, kuna wokovu. Mwaka 1885, huko Ufaransa, chanjo ya Louis Pasteur ilidungwa kwa Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa, na mtoto hakushikwa. Basi mtoto akiumwa ama kukwaruzwa, osheni kidonda palepale kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili. Kisha hospitali siku ileile. Ombeni njiani mkiwa mnaenda. Mnyama asiuawe haraka kama anaweza kufungwa. Akikaa siku 10 akiwa mzima, munganga anajua la kufanya.

OMS lilikwisha kuhesabu ya kuwa kumtunza mtu aliyeumwa kulifika kwa wastani dola 108 mu ulimwengu. Hapo ndipo tunaona paka wa bure anavyoweza kuwa na bei. Sindano ya paka haifiki mbali hivyo, na nyumba kumi zikigawana, inashuka tena.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Paka wetu alizaliwa mwezi gani, na amekwisha kupata dawa ya minyoo mara ngapi?
2. Nyumba gani kumi za njia yetu ziko na mbwa ama paka? Nani ataandika daftari?
3. Mtoto wetu akiumwa leo, baba akiwa kazini, nani atamwosha na nani atampeleka hospitali?