Kaida na Ukiukaji Wake katika Jarida la Muziki la Wanafunzi

Utangulizi

Wataalamu wa lugha wamezoea kuichunguza kaida mahali inapojidhihirisha kwa maneno: katika sarufi, katika vina na mizani, katika salamu na adabu za mazungumzo. Makala hii inakusudia kuionyesha kaida ikifanya kazi katika uwanja ambao idara zetu haziutembelei mara kwa mara, nao ni mpangilio wa kurasa za jarida.

Mfano wetu umetoka Uingereza. Kwa miaka kadhaa baada ya 2008, bodi ya mitihani ya OCR iliwapa wanafunzi wa sekondari ya juu waliosoma somo la vyombo vya habari zoezi la kubuni jarida jipya la muziki. Mwanafunzi alitakiwa kutengeneza jalada, ukurasa wa yaliyomo, na makala yenye kurasa mbili zinazotazamana. Na picha zote zilipaswa kuwa kazi ya mikono yake. Kisha aliulizwa maswali saba ya kuitathmini kazi hiyo. Swali la kwanza lilimtaka aeleze ni kwa njia zipi jarida lake limezitumia, limeziendeleza au limezipinga kaida za majarida halisi.

Swali hili huonekana jepesi, na mara nyingi hujibiwa kwa orodha: hii nimeifuata, ile nimeivunja. Hoja yetu ni kwamba orodha haitoshi. Kaida ni mapatano baina ya jarida na msomaji wake. Kwa hiyo kuifuata na kuivunja huwa na maana pale tu msomaji anapoyatambua mapatano yenyewe.

Asili ya kaida

Kaida nyingi za jalada zilizaliwa dukani. Majarida hupangwa rafuni yakifunikana, kila moja likiachiwa ukingo mdogo wa kuonekana. Ndiyo maana jina la jarida huwekwa juu kabisa, na vidokezo vyenye uzito hukusanywa upande wa kushoto, ambao kwa kawaida haufunikwi. Picha kuu aghalabu huwa ya msanii anayemtazama msomaji machoni, kwa kuwa jicho la mpita njia huvutwa na jicho lingine. Rangi kuu huwa chache na hurudiwarudiwa, ili toleo jipya litambulike mara moja kuwa ndugu wa toleo lililotangulia.

Juu ya kaida hizi za jumla kuna kaida za kila aina ya muziki, na hapo mwanaisimu ana mengi ya kuvuna. Jarida la Kerrang!, lililoanzishwa mwaka 1981 kwa ajili ya wapenzi wa roki nzito, lina jina ambalo ni tanakali ya sauti: ni mlio wa gitaa la umeme linapopigwa kwa nguvu. Herufi za jina hilo zimechorwa kana kwamba zimepasuka. Hivyo sikio na jicho hupewa ujumbe mmoja. Q, lililotoka kati ya 1986 na 2020, lilijitosheleza kwa herufi moja nyeupe ndani ya mraba mwekundu. Utulivu huo uliwafaa wasomaji wa makamo. Smash Hits, la 1978 hadi 2006, lilijaza rangi angavu na maneno ya nyimbo kwa ajili ya vijana. Mtu aliyezoea majarida haya aliweza kuijua aina ya muziki kabla hajasoma neno hata moja.

Kaida inayoazimwa

Ipo kaida moja inayostahili kuchunguzwa kwa makini zaidi. Katika majarida yenye sifa, kichwa cha msanii aliye jaladani mara nyingi hufunika sehemu ya jina la jarida. Maana yake ni kwamba jarida linajulikana kiasi cha kutambulika hata likibakiwa na nusu ya jina lake. NME, iliyoanza mwaka 1952 na kuchapishwa kila wiki hadi 2018, ingeweza kufanya hivyo bila hofu.

Sasa tumwangalie mwanafunzi anayebuni jarida lisilowahi kuonekana duniani, kisha akalifunika jina lake kwa kichwa cha rafiki yake aliyeshika gitaa. Katika orodha, ataandika kwamba ameitumia kaida. Kwa hakika amefanya jambo jingine: ameazima alama ya umaarufu ambao jarida lake halijaupata. Huenda ikawa ni hila nzuri, kwani jarida jipya hujipatia heshima kwa kujifanya la zamani. Huenda pia likawa kosa, kwani msomaji hawezi kukamilisha jina asilolijua. Alama ni ile ile, lakini msemaji amebadilika, na maana imebadilika pamoja naye. Jambo hili si geni kwa wanaisimu: methali inayotamkwa na mzee si sawa na methali hiyo hiyo inapotamkwa na mtoto mbele ya wazee.

Wapinzani na mipaka yao

Historia ya majarida ya muziki ina wapinzani mashuhuri. Mwaka 1976 jijini London, Mark Perry alianzisha Sniffin' Glue, jarida la muziki wa panki lililopigwa taipu, likaandikwa vichwa kwa kalamu nene, na kutolewa nakala kwa mashine. Sura hiyo ya ufukara ilikuwa hoja kamili: muziki huu haumhitaji fundi, na jarida lake vilevile. Katika miaka ya 1980 Neville Brody alibuni herufi mpya kwa ajili ya The Face. Waigaji walikuwa wengi mno hata, alipolisanifu jarida la Arena, akarudia herufi za kawaida za Helvetica. Upinzani ulikuwa umegeuka kaida, na kaida ya zamani ikawa ndiyo upinzani.

Mfano wa mwisho unatoka Marekani. Mwaka 1994 David Carson, msanifu wa Ray Gun, aliyaona mahojiano na mwimbaji Bryan Ferry kuwa ya kuchosha, akayachapa yote kwa alama zisizosomeka. Tukio hili husimuliwa mara nyingi kama ushindi dhidi ya kaida. Linalosahauliwa ni kwamba matini yote yalichapwa tena, kwa herufi za kusomeka, mwishoni mwa toleo lile lile. Hata Carson hakumnyima msomaji haki yake. Alimpa mzaha kwanza, kisha akamrudishia makala.

Yatupasayo kuzingatia

Wasomi wa Kiswahili hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano unaofanana na huu. Kichomi cha Kezilahabi kilipotoka mwaka 1974, mabishano yaliyofuata yaliwezekana kwa sababu wasomaji walizijua vina na mizani barabara. Shairi lisilo na vina husikika kuwa huru kwa yule tu anayevitarajia vina.

Kwa hiyo mwalimu anayeisahihisha kazi ya aina hii, iwe ni jarida au ni shairi, hapaswi kuhesabu kaida zilizofuatwa na zilizovunjwa. Yampasa aulize mambo matatu: kaida hii ilizaliwa kwa sababu gani, msomaji wa kazi hii anaitarajia au haitarajii, na mwanafunzi amemlipa nini msomaji huyo badala ya kile alichomnyima. Mwanafunzi aliyetii kila kaida bila kujua sababu zake amenakili tu. Aliyezivunja bila kuzijua naye hajapinga chochote, kwani hakuna aliyesikia akisema hapana. Anayestahili alama ni yule anayeweza kueleza kwa nini jina la jarida lake limefunikwa, au kwa nini ameliacha wazi.