Kenya ilichimba mvuke, Tanzania ikachimba gesi: Njia mbili za kuukimbia ukame

STAKABADHI ya tokeni za umeme nchini Kenya ina mistari ambayo wengi huiruka wakitafuta tu idadi ya uniti walizopata. Mmoja ni wa gharama ya mafuta, ambayo hupanda na kushuka mwezi baada ya mwezi. Mwingine, mdogo zaidi, ni wa ushuru wa maji yanayoendesha mitambo mabwawani. Mistari hiyo miwili inadokeza, kwa shilingi na senti, ni kitu gani kilichotumika kuzalisha umeme uliomfikia mteja. Mvua ikikosekana, mstari wa mafuta hunenepa.

Kwa hivyo swali la kinachozungusha mitambo si la wahandisi pekee. Njia mojawapo ya kulielewa ni kuilinganisha Kenya na jirani yake Tanzania, kwa kuwa nchi hizi mbili zilianzia mahali pamoja, zikakumbwa na janga moja, kisha kila moja ikashika njia yake.

Zote mbili zilianza na mito. Kenya ilijenga vituo vya Mto Tana kimoja baada ya kingine: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988, kabla ya kuelekea Turkwel mwaka 1991. Tanzania ilikuwa na Hale kwenye Mto Pangani tangu 1964. Ikafuatisha Kidatu kuanzia 1975 na Mtera mwaka 1988, vyote viwili kwenye Mto Ruaha Mkuu, kisha Kihansi mwishoni mwa miaka ya tisini. Mwanzoni mwa mwongo huo, zaidi ya robo tatu ya umeme wa kila nchi ilitokana na maji.

Mpango huo ulikuwa na busara yake. Maji hayaagizwi kwa dola, na tone moja la Mto Tana huzungusha mitambo ya vituo vitano kabla ya kuendelea na safari ya kuelekea Bahari Hindi. Masinga, kilicho juu kabisa, kina mitambo ya megawati 40 tu, ilhali Gitaru kina 225. Kazi kubwa ya Masinga ni kuwa ghala la wenzake walio chini, kama vile Mtera ilivyo ghala la Kidatu. Lakini mpangilio uo huo ndio udhaifu wake: ghala la juu likikauka, msururu mzima hulala njaa.

Na ghala likakauka. Tanzania ilionja mgao wa umeme katikati ya miaka ya tisini. Kenya ikafuata mwaka 2000, baada ya mvua kukosekana kwa misimu kadhaa, na viwanda pamoja na nyumba zikazimiwa umeme kwa zamu. Mwaka 2006 ukame ulizipiga nchi zote mbili kwa pamoja. Nchini Tanzania, mkataba wa mitambo ya dharura iliyopewa kampuni ya Richmond mwaka huo ulizua kashfa ambayo ilimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa kujiuzulu Februari 2008. Si mara nyingi kupungua kwa kina cha bwawa kunakoishia kwenye kiti cha waziri mkuu. Kenya nayo ilikodi jenereta za dizeli na kuongeza kazi ya mitambo ya mafuta, na mwaka 2009 mitambo ya Masinga ikalazimika kusimamishwa kwa ukosefu wa maji.

Hapo ndipo njia zilipoachana, na kilichoziachanisha kilikuwa ardhini. Bonde la Ufa upande wa Kenya lina mawe yenye joto kali karibu na uso wa dunia. Mtambo wa kwanza wa mvuke wa Olkaria, karibu na Naivasha, ulianza kazi mwaka 1981 ukiwa na megawati 15 pekee, na kwa miaka mingi mradi huo ulikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Kuchimba kisima cha kilomita mbili au tatu ni ghali, na hakuna anayejua kwa yakini kama mvuke utatoka. Ukame ndio uliobadilisha hesabu. Olkaria II ilifuata mwaka 2003, kisha mwaka 2014 na 2015 zikaongezwa takriban megawati 280 kwa mkupuo, na Olkaria V mwaka 2019. Sasa mvuke hutoa zaidi ya thuluthi moja ya umeme wote wa Kenya, ukiyapita maji kwa mbali.

Tanzania ilikuwa na gesi asilia. Iligunduliwa Songosongo mwaka 1974 na Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982, lakini ikakaa chini ya ardhi hadi 2004, bomba lilipoifikisha Ubungo, Dar es Salaam. Bomba la pili, kutoka Mtwara, lilikamilika mwaka 2015 na kulisha mitambo ya Kinyerezi. Baada ya hapo gesi ikawa inazalisha zaidi ya nusu ya umeme wa nchi.

Hapa msomaji wa takwimu ajihadhari. Anayetazama asilimia pekee ataona maji "yakipungua" nchini Kenya kwa kasi ya kutisha. Mabwawa hayakupungua, kituo cha Sondu-Miriu hata kiliongezwa. Kilichokua ni sahani nzima, na kipande kilekile cha maji kikaonekana kidogo. Aidha, megawati zilizofungwa si sawa na uniti zinazozalishwa. Mashine 365 za upepo za Loiyangalani, Marsabit, zilizounganishwa na gridi mwaka 2018, zina uwezo wa megawati 310, lakini upepo una saa zake. Mvuke hutoka usiku na mchana, na hiyo ni neema yenye kasoro: usiku wa manane, mahitaji yakishuka, Kenya huachilia mvuke mwingine upotelee hewani, ilhali saa za jioni umeme hautoshi. Novemba 2024 Rais William Ruto alikiri kwamba baadhi ya maeneo hukatiwa umeme nyakati hizo za jioni. Gesi ya Tanzania, ingawa huchafua hewa na siku moja itaisha, huweza kuongezwa na kupunguzwa kulingana na mahitaji.

Ajabu ni kwamba Tanzania, baada ya kuukimbia mto kwa miaka 15, imeurudia. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lilianza kujazwa maji Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukawashwa Februari 2024, na yote tisa ikakamilika mwaka 2025. Uwezo wake ni megawati 2,115, zaidi ya mahitaji ya juu kabisa ya nchi nzima wakati mtambo huo wa kwanza ulipowashwa. Mapema mwaka huohuo TANESCO ilizima vituo vingine vya maji kwa sababu umeme ulizidi watumiaji. Hata hivyo, Mtera, Kidatu, Kihansi na bwawa hili jipya vyote viko katika bonde moja la Rufiji. Mto Kilombero, unaoleta sehemu kubwa ya maji hayo, una mvua nyingi kuliko Ruaha, lakini mayai mengi yako katika kapu moja. Faraja ni kwamba mitambo ya gesi ingalipo.

Tangu Desemba 2024 gridi za nchi hizi mbili zimeunganishwa kupitia Isinya na Singida. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kwamba mikoa ya kaskazini mwa Tanzania itanunua umeme kutoka Ethiopia kupitia Kenya, kwa sababu umeme wa Rufiji hupotea mwingi ukisafirishwa hadi huko. Kenya yenyewe ilianza kununua megawati 200 kutoka Ethiopia Novemba 2022. Na umeme wa Ethiopia, karibu wote, ni wa maji.