Muscat: Mkaguzi wa hesabu mbele ya kompyuta

Mkaguzi wa hesabu za serikali mjini Muscat haridhiki tena na majalada na stakabadhi. Leo swali lake la mwanzo ni hili: nani anashika maneno ya siri ya mfumo wa malipo?

Waswahili wa Oman wanazijua ofisi hizi tangu zilipoanza. Sultan Qaboos alipotwaa madaraka Julai 1970, nchi ilikuwa na shule tatu tu za kisasa. Wengi waliokimbia Zanzibar baada ya mapinduzi ya Januari 1964 walikuja na elimu, wakaajiriwa wizarani. Barua ziliandikwa kwa Kiarabu au Kiingereza. Maongezi ya ukumbini mara nyingi yalikuwa ya Kiswahili.

Waandamanaji wa Sohar walipodai ajira na kukomeshwa kwa rushwa mapema mwaka 2011, Sultan aliipa taasisi ya ukaguzi mamlaka mapana zaidi, ikague utawala pamoja na fedha. Amri zake namba 111 na 112 za mwaka huo zilileta sheria ya ukaguzi na sheria ya kulinda mali ya umma. Mwaka 2014 mahakama ziliwafunga maofisa na wafanyabiashara kadhaa kwa hongo.

Lakini sheria haioni ndani ya kompyuta. Kanuni ya kale ya wahasibu ni kwamba anayeandika hundi asiwe ndiye anayeitia saini. Mtu mmoja akiruhusiwa na mfumo kusajili mzabuni, kuingiza ankara na kuidhinisha malipo, kanuni hiyo imevunjwa kimya kimya, na karatasi zote zitaonekana safi.

Kwa hiyo mkaguzi hulinganisha orodha ya wanaoingia kwenye mfumo na orodha ya mishahara: je, aliyestaafu bado anaweza kuingia? Hutazama malipo yaliyopitishwa usiku wa manane, na namba ya akaunti ya benki iliyobadilishwa leo ikarudishwa kesho. Ni kazi ya kuchosha, na mwizi hutegemea uchovu huo.

Kenya ililipa gharama ya funzo hili. Katika sakata la Shirika la Huduma kwa Vijana la mwaka 2015, shilingi milioni 791 zilidaiwa kupotea, na ilielezwa kuwa maneno ya siri ya maofisa yalitumiwa kuidhinisha malipo.

Baada ya kugundua, mkaguzi amwambie nani? Azimio la Lima la mwaka 1977 linataka awe huru na wale anaowakagua. Taasisi ya Oman iko chini ya Sultan moja kwa moja. Nguvu yake, na mpaka wake, vinatoka huko. Tanzania imechagua njia nyingine: kwa Ibara ya 143 ya Katiba, ripoti hukabidhiwa Rais, naye sharti aifikishe bungeni.

Hata njia hiyo ina miiba. Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na Mkaguzi Mkuu, Profesa Mussa Assad, kwa sababu ya neno moja, "udhaifu", alilolitumia juu ya Bunge katika mahojiano na redio ya Umoja wa Mataifa. Novemba mwaka huohuo nafasi yake ilichukuliwa na Charles Kichere.