Kushindwa na Kudhulumiwa: Mashabiki wa Kwale Wabishana Juu ya Kandanda

Baada ya sala ya isha, kuanzia Ukunda na Diani hadi Gazi, Msambweni na Vanga, watu hukusanyika barazani kwa kahawa chungu na kashata, na mazungumzo yao hayakawii kufika kwenye mpira. Bei ya nazi hutajwa, habari za samaki na mvua hutajwa, kisha mmoja wao huuliza swali ambalo kila mtu amekwisha kulisikia, wala hakuna aliyechoka kulijibu: katika kandanda, ni dhuluma gani iliyowauma watu wa Pwani kuliko zote?

Swali hilo halina jibu moja. Wazee wana lao na vijana wana lao, na pengine sauti hupanda mpaka mwenye kahawa huwaomba wateja wake wakumbuke kwamba majirani wamelala. Walakini ubishi huo una faida yake, maana humfundisha mtu kupambanua mambo mawili yafananayo kwa uchungu na kutofautiana kwa asili, nayo ni kushindwa na kudhulumiwa.

UBINGWA WA MWAKA 1965

Wazee huanza na sifa kabla ya malalamiko. Mwaka 1965, ligi ya taifa ikiwa katika mwaka wake wa tatu, timu ya Feisal ya Mombasa ilitwaa ubingwa wa Kenya. Tangu hapo hadi mwisho wa msimu wa 2024/25 hakuna timu nyingine ya Pwani iliyouleta ubingwa huo nyumbani. Bandari ya Mombasa ilikaribia: mwaka 2018 ilimaliza ya pili nyuma ya Gor Mahia, na katika msimu wa 2018/19 mambo yakawa yale yale.

Kijana akisema kwamba hiyo ndiyo dhuluma yenyewe, hakosi mzee wa kumkatiza: "Hapana, mwanangu. Wenzetu walicheza wakapata pointi nyingi kuliko sisi. Asiyekubali kushindwa si mshindani." Methali hiyo ni fupi, lakini ina uzito wa kutosha kuwanyamazisha wengi. Ligi ni safari ndefu. Refa hukosea leo kwa hasara ya timu hii, na kesho hukosea kwa faida yake, na mwisho wa msimu hesabu hujionyesha. Timu iliyopoteza pointi kwa uchovu wa safari, au kwa kuwa mchezaji wake hodari amechukuliwa na timu ya Nairobi yenye fedha nyingi zaidi, imeumia kweli, lakini haikuibiwa.

TIMU ISIYO NA NYUMBA

Shauri la pili ni zito zaidi. Mwaka 2019 Bandari waliifunga Kariobangi Sharks mabao 3 kwa 1 katika fainali ya kombe la taifa, na kwa ushindi huo wakapata haki ya kuiwakilisha Kenya katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Waliitoa Al Ahly Shendi ya Sudan, wakaitoa US Ben Guerdane ya Tunisia, hata Horoya ya Guinea ilipokuja kuwazuia walikuwa wamebakiwa na hatua moja tu kuingia katika makundi.

Lakini mechi zao za nyumbani zilichezwa wapi? Zilichezwa Kasarani, Nairobi, karibu kilomita 500 kutoka Mombasa. Uwanja wa Manispaa ya Mombasa ulikuwa umefungwa ili ujengwe upya, na Pwani nzima haikuwa na uwanja mwingine uliotimiza masharti ya Shirikisho la Kandanda la Afrika, yaani CAF. Mtu wa Msambweni aliyezoea kupanda matatu hadi Likoni, akavuka kwa feri bila nauli, na kufika uwanjani kabla ya kipenga cha kwanza, sasa alitakiwa kutafuta nauli ya basi au ya treni na mahali pa kulala. Wengi hawakuweza. Timu iliyobeba jina la bandari ilicheza michezo yake mikubwa kuliko yote mbali na watu wake.

Je, hiyo ni dhuluma? Barazani wengi hujibu kwamba ndiyo. Wachache huwauliza wenzao swali jingine: ni nani aliyedhulumu? Masharti ya CAF yalikuwa ni yale yale kwa wote, wala si dhambi kukataa uwanja wenye mashimo, maana uwanja mbovu huvunja miguu ya vijana. Kosa lilikuwa la nyumbani. Uwanja ulivunjwa kwa matumaini makubwa, na mwaka 2022 ulipokwisha ulikuwa bado haujakamilika.

Kwa mizani hiyo hiyo hupimwa mambo mawili ya taifa zima. Kenya ilipewa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 1996, na baadaye mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani, CHAN, ya 2018. Mara zote mbili maandalizi hayakuridhisha, na mara zote mbili ikanyang'anywa. Afrika Kusini ilipokea lile la kwanza ikalishinda, na Morocco ikapokea la pili, nayo ikalishinda. Mchezaji wa Kenya hakuwa na kosa lolote katika hayo. Yeye alikuwa tayari kucheza. Waliokuwa hawako tayari ni wale waliopaswa kumwandalia mahali pa kuchezea.

MIEZI MINNE YA ZANZIBAR

Hata hivyo, liko jambo moja ambalo likitajwa huko Vanga, Shimoni au Msambweni, ubishi hupungua, nalo halikuwapata watu wa Kwale wenyewe. Liliwapata ndugu zao wa ng'ambo.

Zanzibar ni mwenyeji wa zamani katika kandanda ya sehemu hizi. Kombe la Gossage lilianza mwaka 1926 baina ya Kenya na Uganda, na katika miaka ya 1940 Tanganyika na Zanzibar zikaingia. Tangu wakati huo Zanzibar ilicheza na majirani zake kwa jina lake yenyewe, na mwaka 1995 ikawa bingwa wa Afrika ya Mashariki na Kati. Lakini katika mashindano makubwa ya Afrika timu yake ya taifa haikuwa na mlango.

Mlango ulifunguliwa tarehe 16 Machi 2017. Katika mkutano wa CAF uliofanyika Addis Ababa, Zanzibar ilikubaliwa kuwa mwanachama kamili wa 55. Visiwani watu walishangilia, na upande huu wa bahari wako walioshangilia pamoja nao, kwa sababu katika vijiji vingi vya pwani ya kusini ni taabu kupata nyumba isiyo na jamaa Unguja au Pemba. Tarehe 21 Julai mwaka huo huo, CAF ilikutana Rabat chini ya rais mpya, nayo ikaufuta uanachama ule. Hoja iliyotolewa ni kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Basi Zanzibar ilikuwa mwanachama kwa muda wa miezi minne, wala timu yake haikupata kucheza hata mechi moja ya kufuzu kwa Kombe la Mataifa ya Afrika.

Hapa ndipo mizani ya wazee inapoinama. Hapakuwa na mechi iliyopotezwa, wala uwanja uliokutwa na kasoro, wala ada isiyolipwa. Kama kanuni ilikataza, ilikuwako pia mwezi wa Machi, na wenye kuisoma walikuwa ni wao wenyewe. Mzee wa Vanga huitaja methali ya wahenga, mgala muue na haki yake umpe, akaongeza kwamba mtu akinyimwa kitu huvumilia, lakini akipewa mbele ya watu kisha akapokonywa, huaibishwa.

Watu wa sehemu za Msambweni wana sababu ya kuliona jambo hili kwa macho yao wenyewe. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji wakaja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, walikaa Kwale miaka mingi bila vitambulisho vya uraia. Mwaka 2016 walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai haki yao, na mwaka 2017 wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba walisubiri hadi mwaka 2023. Aliyekaa mahali tangu kuzaliwa kwake huku akiambiwa kwamba hayumo katika daftari hahitaji kufafanuliwa uchungu wa mchezaji wa Zanzibar.

Mwaka ule ule wa 2017, mwezi wa Desemba, Kenya iliandaa mashindano ya Afrika ya Mashariki na Kati. Zanzibar iliifunga Tanzania Bara mabao 2 kwa 1, ikaifunga Uganda mabao 2 kwa 1 katika nusu fainali, na tarehe 17 ikakutana na Kenya huko Machakos. Mara mbili Kenya ilitangulia na mara mbili Zanzibar ikasawazisha, hata muda wa ziada ukaisha 2 kwa 2. Katika mikwaju ya penalti kipa wa Kenya, Patrick Matasi, alizuia mitatu, na Kenya ikachukua kombe kwa 3 kwa 2. Katika mabanda ya kuonyeshea mpira huko Kwale wako walioshangilia kwa nusu ya moyo. Lakini hakuna hata mmoja aliyesema kwamba Zanzibar ilidhulumiwa siku hiyo. Ilicheza, ikasikika, ikashindwa kwa miguu na mikono. Ushindi wa Desemba na uamuzi wa Julai ni vitu viwili mbalimbali, na mashabiki huvitofautisha bila taabu.

KILICHO MIKONONI MWA WATU

Mwezi wa Agosti 2025, mashindano ya CHAN yalipofanyika katika nchi tatu za Kenya, Tanzania na Uganda, Uwanja wa Amaan wa Unguja ulipokea Senegal, Nigeria, Congo na Sudan. Kenya ilicheza Nairobi, na Pwani ya Kenya haikupata hata mechi moja. Zanzibar isiyo na kiti katika mkutano wa CAF ilipata wageni kwa sababu ilikuwa na uwanja uliokamilika; Pwani, ambayo nchi yake ina kiti hicho, haikuwa nao.

Jambo hilo lapasa kuwashughulisha watu wa Kwale kuliko makosa ya marefa. Huko Diani watoto husubiri maji yatoke wapate kucheza mchangani, na maji yakijaa mchezo umekwisha. Katika vijiji vingi kiwanja ni uwanda ambao kila mtu ajua kwamba ni wa wote, lakini haukupimwa wala haukuandikwa, na siku moja watu huamka wakaukuta umezungushiwa ua. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 yaipa jamii njia ya kuandikisha ardhi yake. Kazi hiyo yataka mkutano wa kijiji, kamati iliyochaguliwa, ramani na subira, na haina vigelegele. Kijiji kitakachoifanya kitaendelea kushindwa mara kwa mara kama vijiji vyote, lakini vijana wake watakuwa na mahali pa kushindwa na pa kushinda.