Nyangumi wa Turkana na Mawe ya Mkokoni

Mpenzi msomaji, je, umewahi kusikia habari za nyangumi aliyekutwa jangwani? Hii si hadithi ya sungura na fisi. Ni kisa cha kweli cha hapa hapa Kenya, na ili tukielewe vizuri, yafaa tuanzie pwani, katika kijiji cha Mkokoni.

Mkokoni ni kijiji cha wavuvi kilicho bara ya Lamu, mkabala na kisiwa cha Kiwayu, katika Hifadhi ya Bahari ya Kiunga iliyotangazwa mwaka 1979. Ukitembelea pande hizo, ngoja maji yakupwe, kisha inama uitazame miamba ya ufuoni. Utaona alama kama nyota ndogo ndogo zilizopangana, na makombe yaliyogandamana na jiwe. Miamba hiyo ilikuwa hai!

Yapata miaka 125,000 iliyopita, dunia ilikuwa na joto, barafu nyingi ikayeyuka, na bahari ikapanda mita kadhaa kuliko ilivyo leo. Viumbe vidogo vya matumbawe vikajenga majumba yao chini ya maji. Bahari iliposhuka, majumba hayo yalibaki nchi kavu, yakawa mawe. Mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe namna hii huitwa visukuku. Mawe ya aina hiyo ndiyo yaliyojengea nyumba za Mji wa Kale wa Lamu.

Sasa tuiache pwani, tuelekee kaskazini-magharibi hadi Turkana. Chini ya nchi kame iliyo kati ya Lamu na Turkana kuna bonde kubwa la kale lililofukiwa na mchanga na udongo. Wanajiolojia huliita bonde la Anza. Kumbuka jina hilo.

Mwaka 1964, Mmarekani James Mead aliokota mabaki ya kichwa cha mnyama mahali paitwapo Loperot, Turkana. Alikuwa nyangumi mwenye mdomo mrefu, aina ambayo huishi katika bahari yenye kina kirefu. Aliishi miaka milioni 17 iliyopita, na urefu wake ulikuwa kama mita saba. Lakini Loperot iko kiasi cha kilomita 740 kutoka baharini, tena juu ya usawa wa bahari kwa mita 620. Alifikaje huko?

Wataalamu waliotoa maelezo yao mwaka 2015 wanasema aliingia katika mto mkubwa uliotiririka kutoka Turkana hadi Bahari ya Hindi kwa kufuata bonde la Anza, akapotea njia na kufia humo. Nyangumi hawezi kupanda maporomoko ya maji. Kwa hiyo, mto huo ulikuwa mpana na mtulivu, na nchi yote ilikuwa tambarare. Walikadiria kwamba wakati huo Loperot ilikuwa juu ya bahari kwa mita 24 hadi 37 tu.

Tangu hapo, miamba ya moto iliyo chini ya Afrika Mashariki imeisukuma ardhi hiyo juu kwa karibu mita 590. Hebu piga picha ya majumba zaidi ya matano ya KICC yaliyopangwa moja juu ya jingine! Nchi ilipoinuka, pepo zenye mvua zilizuiwa, misitu ikapungua, na mbuga za nyasi zikatanda. Wataalamu wengi huamini kuwa mabadiliko kama hayo yalichangia wahenga wetu kuanza kutembea kwa miguu miwili.

Lakini ushahidi huu nusura utupotee. Baada ya Mead kuandika juu yake mwaka 1975, mabaki yale hayakujulikana yalipo. Louis Jacobs, aliyewahi kuongoza kitengo cha visukuku katika Makavazi ya Taifa ya Kenya, aliyatafuta kwa takriban miaka 30. Yalipatikana mwaka 2011, yakiwa yamehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani.

Basi, msomaji, ukimpeleka mwanao Mkokoni au Turkana likizo ijayo, mfunze kutazama bila kubomoa. Jiwe likishaondolewa mahali pake, habari zake nyingi hupotea. Ukiona mfupa au umbo la ajabu mwambani, liache palepale, kumbuka mahali, kisha uwaarifu Makavazi. Sheria ya mwaka 2006 inadai hivyo.

Na usiyasahau matumbawe yaliyo hai. Mwaka 1998, bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya Kiunga yalipauka na kufa. Mtunza si hapungukiwi. Tukiyatunza haya ya leo, wajukuu wetu nao watakuwa na cha kusoma mawenini.