Bei ndogo ya chuma ichunguzwe kwa hesabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni yangu juu ya kilio kinachosikika mara kwa mara katika nchi nyingi, kwamba chuma cha kigeni kinauzwa kwa bei ya kutupa na kuua viwanda vya nyumbani.

Kwanza tuelewane maana. Wengi hudhani kila kitu cha kigeni kilicho rahisi kimetupwa. Sivyo. Kwa mapatano ya Shirika la Biashara Duniani, yaliyoanza tarehe 1 Januari, 1995, bidhaa huhesabiwa kuwa imetupwa inapouzwa ugenini kwa bei iliyo chini ya bei ya kwao. Hesabu yake haimshindi mtoto wa darasa la sita. Tuseme tani ya mabamba ya chuma huuzwa kwao dola 600, lakini huku imeletwa kwa dola 480. Tofauti ni dola 120, yaani asilimia 25 ya bei ya huku. Tofauti isipofika asilimia 2, kesi hufutwa.

Hata hivyo tofauti peke yake haitoshi. Lazima ithibitishwe kwamba viwanda vya nyumbani vimeumia, na kwamba vimeumizwa na bidhaa hiyo, si na mashine chakavu wala uongozi mbaya. Uchunguzi usizidi miezi 18, na ushuru unaotozwa hukoma baada ya miaka 5, ila uchunguzi mpya ukionyesha kwamba bado unahitajika.

Jambo hili si geni. Kanada ilitunga sheria yake mwaka 1904, na miongoni mwa malalamiko yaliyoileta ni reli za chuma kutoka Marekani. Katika miaka yetu, China ndiyo inayotajwa zaidi, kwa kuwa hutengeneza zaidi ya nusu ya chuma chote duniani. Mei 2015 Umoja wa Ulaya ulifungua uchunguzi juu ya mabamba membamba ya chuma kutoka China na Urusi. Agosti 2016 ukatoza mabamba ya China ushuru wa asilimia 19.7 hadi 22.1. Mwaka huo huo Marekani ilitoza mabamba ya namna hiyo kutoka China asilimia 265.79! Ulaya ilipima ushuru unaotosha kuondoa madhara tu. Marekani ilikosa majibu ya wauzaji kwa maswali yake, ikakata shauri kwa ushahidi uliowaelemea. Asiyeleta hesabu zake hufanyiwa hesabu na wengine.

Sisi tunahusikaje? Itifaki ya Umoja wa Forodha ya Afrika Mashariki, iliyotiwa saini Arusha tarehe 2 Machi, 2004, inazungumzia hatua dhidi ya bidhaa za kutupwa. Tena kuanzia 1 Julai, 2022 Jumuiya iliweka ushuru wa asilimia 35 kwa aina kadhaa za bidhaa za nje, baadhi ya vyuma vikiwamo. Lakini ushuru wa namna hii hauulizi swali. Humkamata mwuzaji mwaminifu pamoja na mtupaji. Uchunguzi huuliza, na aliyeuza kwa haki huachiwa.

Huku vijijini wananchi hujenga maboma ya madarasa kwa nguvu zao: matofali, mchanga, maji ya kubeba kichwani. Bati hawawezi kulifyatua. Viwanda vingi vya mabati katika nchi zetu hununua nje mabamba yaliyoviringishwa, kisha huyapaka zinki. Ushuru wa mabamba ukipanda, bati hupanda, na boma hunyeshewa mwaka mwingine. Lakini pia mfanyakazi wa kiwanda kilichofungwa ni mzazi. Mwaka 2015 bei ya chuma ilipoanguka duniani, kiwanda cha Redcar, Uingereza, kilifungwa na watu zaidi ya 2,000 wakakosa kazi. Hatutaki hayo yatufike.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wanaohusika mambo matatu. Wenye viwanda wakilalamika, walete hesabu, maana mwamba ngozi huvutia kwake. Pili, wanaotumia chuma wasikilizwe pia, wakiwamo mafundi, wenye viwanda vya mabati na kamati za shule. Hilo si ombi la fadhila, kwani mapatano yenyewe yanaagiza wanaotumia bidhaa viwandani na vyama vya walaji wapewe nafasi ya kutoa maelezo. Tatu, matokeo yatangazwe kwa Kiswahili chepesi, pamoja na tarehe ya mwisho ya ushuru.

Ikithibitika kwamba tunatupiwa chuma, tutalipa bei ya juu bila kunung'unika, kwa kuwa tutajua tunalinda nini. Isipothibitika, tuachiwe tuezeke.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Ludewa, Njombe.