Je, Wajua? Yatima wa Farasi Hahitaji Maziwa Peke Yake

Je, wajua kwamba mtoto wa farasi huzaliwa akiwa karibu hana kinga yoyote dhidi ya maradhi? Mtoto wa binadamu hupokea kingamwili za mama yake tangu akiwa tumboni, kupitia kondo la nyuma. Kwa farasi, punda na punda milia njia hiyo haipo, kwa sababu tabaka za kondo lao haziruhusu kingamwili kupenya. Tegemeo la mtoto ni dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, na hata hayo yana saa zake. Utumbo wa mtoto mchanga huweza kufyonza kingamwili zikiwa nzima kwa muda mfupi tu. Baada ya saa sita hivi uwezo huo huanza kushuka, na zikitimia saa 24 umekwisha. Maziwa ya dang'a atakayonyweshwa siku ya pili yatamshibisha lakini hayatamkinga.

Kwa hiyo farasi jike anapokufa akizaa, daktari wa mifugo huanza kuuliza habari za dang'a: mtoto amepata, kiasi gani, na saa ngapi? Wafugaji wa farasi hukariri hesabu ya moja, mbili, tatu: ndani ya saa moja mtoto awe amesimama, ndani ya saa mbili awe amenyonya, na ndani ya saa tatu kondo la mama liwe limetoka. Yatima hana wa kumsaidia kutimiza hesabu ya pili. Mtoto wa kilo 45 au 50 huhitaji lita moja hadi mbili za dang'a, kidogo kidogo, katika nusu siku ya kwanza ya maisha yake.

Mashamba makubwa huweka akiba. Jike mwenye dang'a nzuri hukamuliwa kiasi kidogo baada ya mtoto wake mwenyewe kushiba, na maziwa hayo hugandishwa yakisubiri siku ya msiba. Kuyayeyusha nako kuna adabu yake. Chombo huwekwa ndani ya maji ya uvuguvugu, kwa kuwa moto mkali huharibu zile kingamwili zinazotafutwa. Muda ukiwa umeshapita, njia iliyobaki ni kumtia mtoto mshipani plazima, yaani majimaji ya damu ya farasi mwingine mwenye afya.

Hatua ya pili ni maziwa ya kila siku, na hapa huruma isiyo na maarifa huua. Watu wengi hukimbilia maziwa ya ng'ombe yalivyo na kuyatia sukari ya chai. Maziwa ya farasi, kama ya punda, yana mafuta kidogo sana kuliko ya ng'ombe na utamu zaidi wa asili. Ng'ombe ana karibu asilimia 4 ya mafuta. Farasi ana chini ya nusu ya hapo. Sukari ya mezani nayo humletea mtoto mchanga kuhara, kwa sababu utumbo wake bado haujapata uwezo wa kuivunjavunja. Asiyeweza kupata unga maalumu wa maziwa ya farasi hutumia maziwa ya ng'ombe yaliyopunguzwa mafuta, yenye mafuta asilimia 2 hivi, akaongeza gramu 20 za glukosi kwa kila lita. Maziwa ya mbuzi pia hupendwa na watoto hawa, na wengi wamekua kwayo, ingawa huweza kuwafunga choo. Mwenye punda Lamu au Manyara aliyeachiwa yatima na ayajue haya, maana mwili wa punda hufuata karibu kanuni zilezile, na mbuzi hakosekani jirani.

Kiasi chenyewe hushangaza. Kwa siku moja mtoto hunywa maziwa yenye uzito wa kama robo au moja ya tano ya uzito wake, lita kumi na zaidi. Akiwa na mama hunyonya mara kadhaa kila saa, mafundo machache tu kila safari, kwa hiyo mlezi wa siku za mwanzo huamka usiku kucha kila baada ya saa moja au mbili. Wazoefu humfundisha mapema kunywa kwenye ndoo. Huchovya kidole katika maziwa, mtoto hukinyonya, kisha kidole hushushwa taratibu hadi pua ifike kwenye ndoo. Ndoo humpunguzia mlezi kazi, na humpunguzia mtoto mazoea ya kuona kila shibe inatoka mkononi mwa mtu. Anayetumia chupa aishike chini, kichwa cha mtoto kikae kama anayenyonya kwa mama. Kichwa kikiinuliwa juu, maziwa huingia mapafuni.

Je, wajua pia kwamba mtoto wa farasi hula mavi ya mama yake? Katika wiki za mwanzo ni jambo la kawaida, na inaaminika ndivyo anavyopata vijidudu vya kumsaidia baadaye kumeng'enya nyasi. Kuna na hili: karibu kila mtoto huharisha kidogo akiwa na umri wa wiki moja au mbili, wakati uleule mama anapopata joto la kwanza baada ya kuzaa. Zamani lawama iliangukia maziwa ya mama. Ni yatima waliomwondolea mama lawama hiyo, kwa sababu nao huharisha katika umri huohuo bila kuonja tone la maziwa yake.

Kuliko ndoo na chupa, bora kabisa ni mama mwingine. Tatizo ni kwamba farasi jike humjua mwanawe kwa harufu, na humpiga mateke mgeni. Katika miaka ya 1960 Mwingereza Johanna Vardon alianzisha huduma ya kukutanisha yatima na majike waliofiwa na watoto wao. Mbinu mojawapo ya jadi ni kumvika yatima ngozi ya mtoto aliyekufa, ili jike anuse harufu anayoifahamu. Wengine humpaka jike dawa yenye harufu kali puani. Siku hizi madaktari wanaweza hata kumfanya jike ambaye hakuzaa mwaka huo atoe maziwa, kwa dawa za homoni.

Mama wa kambo wa aina hiyo wana sehemu kubwa katika historia ya farasi mwitu wa Mongolia, anayeitwa farasi wa Przewalski. Kati ya mwaka 1899 na miaka ya mwanzo ya 1900, wawindaji walikamata makumi ya watoto wao kwa ajili ya shamba la Askania Nova, katika Ukraine ya leo, na la mfanyabiashara wa wanyama Carl Hagenbeck kule Ujerumani. Wakubwa walikuwa na mbio na ukali usiokamatika, kwa hiyo walengwa wakawa watoto. Walionyonyeshwa na majike wa kufugwa waliweza kuistahimili safari ya maelfu ya kilomita. Mwishoni mwa miaka ya 1960 farasi hao wakatoweka porini. Wote waliopo leo, wakiwemo waliorudishwa Mongolia kuanzia mwaka 1992, ni uzao wa farasi mwitu 12 hivi, wengi wao wakiwa wale watoto waliotenganishwa na mama zao. Sijui kisa kingine ambamo maziwa ya wanyama wa kufugwa yamebeba uhai wa jamii nzima ya wanyama wa porini.

Hatari ya mwisho huletwa na mapenzi ya mlezi. Watoto wa farasi hucheza kwa kuumana shingo, kuinuka kwa miguu ya nyuma na kurushiana mateke, na wakubwa huwarudi wakivuka mpaka. Yatima aliyelelewa na watu watupu huucheza mchezo huo na watu. Akiwa na kilo 50 wanacheka. Akiwa dume la kilo 500, mtu anaweza kufa.

Nchini Kenya, walezi wa shirika la Sheldrick Wildlife Trust wameliepuka jambo hilo kwa punda milia kwa namna ya kupendeza. Punda milia mchanga hushika mistari, harufu na sauti ya mama yake katika siku za kwanza, na mama huwazuia wengine wasimkaribie mpaka amjue vizuri. Kwa hiyo yatima wao hulelewa na walezi wanaopokezana joho moja lenye mistari myeupe na myeusi. Mtoto hulizoea joho, asifungamane na mtu mmoja.

Kwa yatima wa farasi dawa ni mwenzake: jike mzee mpole, dume aliyehasiwa, punda, au mbuzi akikosekana mwingine. Kuanzia wiki ya pili mtoto huanza kudonoa nyasi laini na chakula cha punje, akimwiga mwenzake huyo. Akila vizuri huweza kuachishwa maziwa akiwa na miezi mitatu au minne, mapema kuliko wengi wa rika lake wenye mama, lakini mwenzake haondolewi zizini wakati huo huo.